Nani anamlinda mponyaji akilala?

Wiki hii nilipanga kuwaandikia kuhusu chanjo ya watoto wa wafugaji. Daftari langu limejaa maelezo. Lakini tangu nirudi kutoka Kakesio mwezi uliopita kuna jambo linanikaa kichwani, na halikutokana na chanjo. Lilitokana na ubishi wa wanaume wawili kuhusu magemu ya kompyuta. Naomba mnivumilie, chanjo itakuja wiki ijayo.

Kwa wasiopajua, Kakesio ni kata ya wilaya ya Ngorongoro, ndani ya eneo la hifadhi, upande wa kusini magharibi. Ukitoka Karatu unapita lango la Lodoare, unapanda ukingo wa kreta, unashika njia ya Endulen, kisha unaendelea na vumbi. Tulikuwa watu wanne kwenye gari la huduma ya mkoba: tabibu, muuguzi, dereva na mimi. Njiani dereva alitunyooshea kidole upande wa Laetoli, ambako mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo za viumbe watatu waliotembea juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Mmoja wao alikuwa akikanyaga mle mle alimokanyaga mwenzake. "Watu hawajaanza leo kusafiri kwa kundi," dereva akasema, kisha akarudi kupambana na mashimo ya barabara.

Usiku tulifikia kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Ana sola juu ya bati, ana betri, na ana kompyuta mpakato iliyochoka, kioo chake kimepasuka pembeni. Mtandao wa simu ulikuwa wa kupanda kichuguu. Baada ya ugali, mwalimu akafungua kompyuta yake, na tabibu wetu, ambaye mchana kutwa hakuzungumza zaidi ya "mleteni mwingine", akapiga kelele kama mtoto: "Ticha! Na wewe unacheza haya?"

Basi. Hatukulala mapema.

Kwa wazazi ambao kwao gemu ni mpira au kupigana, ngoja nieleze. Haya ni magemu ya zamani, ya aina ambayo huchezi na shujaa mmoja. Unaongoza kundi, mara nyingi watu sita, na kila mmoja ana kazi yake. Yupo mpiganaji anayesimama mbele na kupokea mapigo. Yupo mwizi anayefungua makufuli na kunusa mitego. Yupo mchawi, na yupo mponyaji anayetibu majeraha. Asili yake ni mchezo wa mezani wa Marekani uitwao Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974, ambao watu walikaa wakacheza kwa karatasi, kalamu na dadu. Baadaye kompyuta ikachukua kazi ya dadu.

Muuguzi wetu ni mama wa makamo, mwanakwaya, na aliposikia neno mchawi aliweka kikombe chini. "Mchawi anafanya nini kwenye kundi la watu wema?" Mwalimu akamtuliza: "Si wa kuroga, mama. Huyu anarusha moto tu." Mama hakuridhika, lakini aliendelea kusikiliza.

Mwalimu ni shabiki wa Wizardry, gemu la mwaka 1981 lililoandikwa na vijana wawili wa Marekani, Andrew Greenberg na Robert Woodhead. Nililiangalia nikacheka. Kuta zake ni mistari mitupu, kama ramani ya nyumba aliyoichora fundi kwenye gunia la saruji. Lakini mwalimu alilitetea kwa moto. Humo unawaumba watu wako wote sita mwenyewe na kuwapa majina. Yeye aliwapa majina ya wanafunzi aliosoma nao kidato cha kwanza. Na humo kifo ni kifo kweli. Kundi likiangamia shimoni, maiti zinabaki huko huko. Huwezi kurudisha mambo nyuma kirahisi. Inabidi ukusanye kundi jingine, uwafundishe hadi wawe na nguvu, uwatume kwenda kuwabeba wenzao. Ukiwafikisha hekaluni kufufuliwa, unalipa, na ufufuo unaweza kushindikana. Maiti inageuka majivu. Ukijaribu tena na majivu yakashindikana, mtu huyo amepotea moja kwa moja.

"Hilo ndilo gemu," mwalimu akasema. "Linakufundisha kuogopa kupoteza mtu."

Tabibu akatikisa kichwa. Yeye ni wa Baldur's Gate, la mwaka 1998, na muendelezo wake wa mwaka 2000. Kwake, watu sita wasiosema kitu ni sawa na kete za bao. Katika gemu lake wenzako unakutana nao njiani, na kila mmoja ana tabia na shida zake. Wako wanaogombana kati yao mpaka wakachomoana mapanga. Yuko jitu moja liitwalo Minsc, linalotembea na panya mdogo wa kufugwa, na linakuomba mkamwokoe mwanamke aliyetekwa. Ukimzungusha siku nyingi bila kwenda, anakugeuka. Wako Khalid na Jaheira, mume na mke. Mume ana kigugumizi na woga, mke ndiye msemaji. Ukimfukuza mmoja, wote wawili wanaondoka.

"Hao nimewapenda," muuguzi akasema. "Hiyo ni ndoa."

Halafu tabibu akatoa hoja aliyokuwa ameitunza kama turufu. Kampuni iliyotengeneza Baldur's Gate, BioWare, ilianzishwa mwaka 1995 Edmonton, Kanada, na waanzilishi wake walikuwa madaktari: Ray Muzyka, Greg Zeschuk na Augustine Yip. Kabla ya magemu walishatengeneza programu za kufundishia udaktari, mojawapo ikiwa ya kujifunzia wagonjwa wa tumbo. Yip baadaye alirudi kwenye udaktari. "Kwa hiyo hili," tabibu akasema, akijipiga kifua, "ni gemu la watu wa afya."

Mwalimu akajibu kwamba hata lake lina padri anayetibu, na bila yeye hufiki ghorofa ya pili ya shimo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba wabishi hawa, waliokuwa wamepingana kwa saa nzima, wanakubaliana jambo moja. Unaweza kutembea bila mwizi. Unaweza hata kutembea bila mchawi. Huwezi kutembea bila mponyaji. Na wakakubaliana la pili, wakicheka: kila mtu anamtaka mponyaji kwenye kundi, lakini hakuna anayetaka kuwa yeye. Wote wanataka kuwa mwenye upanga.

Muuguzi akauliza swali lililonileta kwenye makala hii. "Na huyo mponyaji wenu, dawa zikimwishia?"

Wote wawili wakajibu kwa pamoja: "Analala."

Wakafafanua. Katika Baldur's Gate mponyaji ana tiba za kuhesabu. Akishazitumia, hata ukimbonyeza vipi hana kitu. Hazirudi kwa kula wala kwa fedha. Zinarudi kwa kulala saa nane. Msipompumzisha mkaendelea na safari, baada ya siku nzima watu wote wanaanza kulalamika uchovu na bahati inawakimbia vitani. Na mkilala porini mnaweza kuvamiwa, usingizi ukakatika na tiba zisirudi. Katika Wizardry ni hivyo hivyo: lazima umrudishe padri mjini, kwenye nyumba ya wageni. Ukiwa huna hela, unamlaza zizini bure, na asubuhi tiba zake zimerudi.

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. "Saa nane! Wanangu, mimi nina miaka mingi kazini. Nikitoka zamu ya usiku nakuta mama mkwe anaumwa, nakuta wajukuu. Mngenipa hilo zizi."

Kulikuwa na mzee mmoja wa boma la jirani aliyekuja kuchaji simu yake kwenye sola ya mwalimu. Alikuwa ameketi mlangoni na fimbo yake, kimya muda wote. Akasema alipokuwa morani hakuruhusiwa kunywa maziwa peke yake. Lazima awepo mwenzake wa rika. Hata kama una njaa, unamtafuta mwenzako kwanza. "Hayo ya kwenye kompyuta," akasema, "sisi tunayajua." Akachomoa simu yake, akaaga.

Mimi sikucheka na mama. Nilikuwa nimemkumbuka mama yangu.

Baba yangu alipata kiharusi mwaka jana, nyumbani kwetu Karatu. Upande wa kulia ulilegea na maneno yakapotea. Anaelewa unachomwambia, lakini akitafuta neno "maji" linatoka jingine, au halitoki. Tangu aruhusiwe kutoka hospitali, mponyaji wa nyumba yetu ni mama. Anamlisha, anamwogesha, anampa dawa za presha, anamnyoosha mkono kama mtaalamu wa mazoezi alivyotuelekeza. Na usiku anamgeuza. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, ili asipate vidonda vya mgandamizo. Hilo nimewahi kuliandika hapa hapa kwenye ukurasa huu, na wasomaji wengi mkalipongeza. Sikuwahi kukaa nikapiga hesabu kwamba mtu anayegeuza mgonjwa kila saa mbili usiku kucha, kila usiku, mwenyewe halali.

Sisi ni watoto watatu. Kaka mkubwa yuko Mwanza. Mimi niko Arusha. Kila mwisho wa mwezi tunatuma fedha, na kila tukipiga simu tunauliza, "Baba anaendeleaje?" Mama anajibu, "Anaendelea vizuri." Tunashukuru, tunakata. Mdogo wetu wa kiume alimaliza kidato cha sita na yuko nyumbani akisubiri chuo. Huyo ndiye aliyenifanya nielewe nusu ya maneno ya wale wabishi, kwa sababu naye ni mgonjwa wa magemu hayo hayo. Anayacheza kwenye simu, maana Baldur's Gate ya zamani imekuwa ikipatikana kwenye simu za Android tangu mwaka 2014. Mama amemgombeza mpaka amechoka.

Tuliporudi sikupitiliza Arusha. Nilishukia Karatu bila kuwaambia, nikalala nyumbani. Saa tisa usiku niliamka kwenda chooni. Kwenye chumba cha kwanza taa inawaka: mama amepiga goti kitandani, amemshika baba begani na nyongani, anamvuta taratibu huku akimwambia maneno ya kumtuliza. Kwenye chumba cha pili mwanga wa simu unapita chini ya mlango: mdogo wangu yuko macho, anaongoza watu sita msituni. Kati yao ukuta mmoja wa tofali. Watu wawili wako macho nyumba moja, saa moja, na mmoja wao hajui kama mwenzake anahitajika.

Nilisimama kwenye korido nikaona aibu, na si kwa ajili ya mdogo wangu. Yeye alikuwa karibu kuliko mimi.

Asubuhi nilimpima mama presha kwa mashine ya baba. Ilisoma 168 kwa 102. Nikarudia baada ya kumpumzisha, haikushuka sana. Mama akasema, "Ni ya uchovu tu, mwanangu." Siku hiyo hiyo tukaenda kumwona daktari. Miezi yote hiyo mashine ilikuwa mezani, imempima mtu mmoja tu.

Jioni nilikwenda kwa mdogo wangu. Nilikuwa nimejiandaa kumhubiria. Badala yake nikamuuliza anacheza lipi kwa sasa, na kwa nini analipenda. Akaniangalia kama anatafuta mtego. Akasema ameacha Baldur's Gate, sasa yuko na Planescape: Torment, la mwaka 1999. Humo mtu anazinduka juu ya meza ya mochwari. Hajui jina lake. Hajui amefikaje. Mgongoni amechorwa maandishi ya kujikumbusha, lakini mgongo wake mwenyewe hawezi kuusoma, mpaka mwenzake amsomee. Safari yote ni kujitafuta, na anajitafuta kupitia watu anaotembea nao.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Dada, mimi naogopa kuingia kule chumbani. Baba akinitazama akakosa jina langu, sijui niseme nini."

Miezi yote hiyo tulidhani ni uvivu.

Nikamsimulia wale wabishi wa Kakesio na swali la mama muuguzi. Hakuhitaji maelezo, gemu analijua kuliko mimi. Nikamuuliza: "Kwenye kundi letu, mponyaji amelala lini mara ya mwisho?" Akaweka simu chini.

Usiku ule tulimwamsha kaka kwa simu, tukafanya kikao cha familia. Zamu zikapangwa. Mdogo wangu, ambaye usiku yuko macho hata hivyo, alichukua usiku wa siku tano kwa wiki, na analala asubuhi. Mama alimfundisha kugeuza: unaweka mto wapi, unakagua visigino, kiuno na mifupa ya nyonga kama ngozi imekuwa nyekundu, shuka haliachwi na mikunjo. Mimi nakuja mwisho wa juma mara mbili kwa mwezi, na siku hizo mama haingii chumba cha mgonjwa ila kusalimia. Kaka anamlipa binti wa jirani wa kufua na kupika. Mama alipinga wiki nzima. Alisema hatutaweza, alisema baba atakataa. Usiku wa kwanza aliamka mara tatu kuchungulia. Usiku wa nne hakuamka.

Sasa, ndugu msomaji, najua katika nyumba nyingi yupo mtu kama mama yangu. Huwa ni mama, au binti mkubwa, au mke wa kaka. Mtafute, na mfanye mambo haya.

Kwanza, muulize analala saa ngapi, na usikubali jibu la "nalala tu". Mtu mzima anahitaji angalau saa saba kwa siku. Anayekosa usingizi kwa miezi huwa mkali bila sababu, husahau, huumwa kichwa, huweza kuongezeka uzito, na akiwa na presha au kisukari hali inazidi kuwa mbaya. Pili, akimpeleka mgonjwa kliniki, naye apimwe. Tatu, msimwambie "ukihitaji msaada sema". Hatasema. Pangeni zamu kwa majina na siku, mziandike. Nne, msaada wa fedha ni mzuri, lakini fedha haigeuzi mgonjwa saa tisa usiku. Anayetuma fedha aulize pia, nani yuko zamu leo?

Na kwa wazazi wenye vijana wa magemu, sisemi muwaache wacheze mpaka kuche. Shirika la Afya Duniani limeingiza uraibu wa magemu kwenye orodha ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuyatanguliza magemu kuliko mambo yote, na kuendelea hata pale yanapoharibu shule, kazi au undugu, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima au zaidi. Ukiziona hizo, tafuta mtaalamu. Lakini kabla ya kumnyang'anya simu, keti naye umuulize anacheza nini na anaongoza watu wa namna gani. Unaweza kukuta kijana amejifunza kulinda watu sita porini, na hajawahi kuombwa kumlinda mmoja nyumbani.

Kuhusu lipi bora, wale wawili hawakuafikiana. Mpaka tunaondoka Kakesio, tabibu ameshawasha simu kumwonyesha mwalimu picha za Baldur's Gate 3, lililotoka mwaka 2023 likashinda tuzo ya gemu bora la mwaka huo, na mwalimu anamwambia kundi la watu wanne si kundi. Mdogo wangu naye anasema wote wamekosea. Siku hizi akiwa zamu anamsimulia baba lile gemu la mtu asiye na jina, sura baada ya sura. Baba anasikiliza. Jina la mdogo wangu bado halijatoka.

Juzi usiku niliamka Arusha, nikatazama simu. Kwenye kundi la familia kulikuwa na ujumbe wake wa saa kumi alfajiri: "Baba kageuzwa. Visigino viko safi. Mama amelala."

Wiki ijayo ni chanjo, kama nilivyoahidi.